Sinza ilianza na barabara: mtaa uliopangwa unazaliwaje, unakuaje, na unaharibikia wapi

Ukifungua picha ya setilaiti ya Dar es Salaam na kusogea taratibu kutoka Manzese kuelekea Sinza, utaona mapaa yakibadilika. Huku yamebanana, kila moja limeelekea kwake, na njia zinajikunja katikati yake mpaka zinapotea. Kule yamejipanga kwa mistari, barabara zinaonekana, na kila baada ya nyumba kadhaa pana upenyo wa kupita gari. Ni mitaa ya jirani. Ilishughulikiwa na serikali ileile, katika muongo uleule, chini ya mradi uleule. Sinza barabara zilitangulia nyumba. Manzese nyumba zilitangulia barabara.

Anayefuatilia habari za maeneo mapya ya viwanja, iwe Kibada, Bunju, Mivumoni au kwingineko, anahitaji kuanzia hapo. Matangazo ya viwanja huzungumzia ukubwa, bei na hati. Yanayoamua mtaa utakuwaje baada ya miaka arobaini ni mambo mengine kabisa, na mengi huamuliwa kabla tofali la kwanza halijafyatuliwa.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya uhuru, serikali iliunda Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1962, na jawabu lake kwa makazi duni lilikuwa kubomoa na kujenga upya. Nia ilikuwa njema, lakini hesabu haikukaa sawa. Kila nyumba ya udongo iliyobomolewa ilikuwa na wapangaji ndani yake, na nyumba mpya ya matofali iligharimu kiasi ambacho serikali changa isingeweza kukirudia kwa idadi iliyohitajika. Wakati huohuo watu walikuwa wanamiminika mjini. Sensa ya 1967 ilikuta jiji lina watu wapatao 273,000. Ile ya 1978 ikakuta wamepita 750,000. Hakuna mjenzi wa serikali anayeweza kulikimbiza ongezeko la namna hiyo.

Ndipo likaja wazo la viwanja na huduma. Benki ya Dunia ilikuwa imelifadhili kwa mara ya kwanza nchini Senegal mwaka 1972, na Tanzania ikaingia mwaka 1974, kisha ikachukua awamu ya pili mwaka 1977. Kiini chake kilikuwa hiki: serikali iache kujenga nyumba, ijenge kile ambacho mwananchi mmoja mmoja hawezi kukijenga. Ipime ardhi, ichonge barabara, ilaze mabomba, ichimbe mifereji, itenge sehemu za shule, zahanati na soko. Nyumba ataijenga mwenye kiwanja, kwa kasi yake na kwa mfuko wake, akisaidiwa na mkopo wa Benki ya Nyumba akiupata. Mradi ulifika miji saba: Dar es Salaam, Mwanza, Mbeya, Tanga, Tabora, Morogoro na Iringa. Kwa Dar es Salaam, Sinza, Kijitonyama na Mikocheni ndiyo maeneo mapya yanayokumbukwa zaidi. Manzese iliwekwa katika fungu jingine la mradi huohuo, la kuboresha makazi ambayo tayari watu walikuwa wanaishi.

Kiwanja cha kawaida cha Sinza kilikuwa mita 12 kwa 24, yaani mita za mraba 288. Kwa macho ya leo kinaonekana kidogo, lakini kilipimwa kwa kuangalia nyumba iliyokuwa ikijengwa na kila mtu wa kawaida mjini: ukumbi mrefu katikati kutoka mlango wa mbele hadi wa nyuma, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na uani jiko, bafu na choo. Mwenye nyumba alikaa vyumba viwili, vinne akapangisha, na kodi ya wapangaji ikamsaidia kumalizia lipu au kuezeka upande uliobaki. Kiwanja hicho kilibeba nyumba hiyo na bado kikaacha uwanja wa nyuma. Baadaye uwanja huo ukajengwa banda la vyumba vya kupangisha, na mbele, pale penye barabara ya magari, zikafunguliwa fremu za maduka. Hakuna aliyechora fremu hizo kwenye ramani. Ziliwezekana kwa sababu barabara ilikuwepo.

Sasa tufungue fundo la kwanza, ambalo huwachanganya wanunuzi wengi: kupangwa, kupimwa na kumilikishwa ni hatua tatu, na eneo linaweza kupita moja bila nyingine. Kupangwa ni kuchorwa: maofisa mipango miji wanaamua barabara inapita wapi, upana wake ni upi, shule itakaa wapi, na wapi hapatajengwa kitu. Mchoro huo ukishaidhinishwa, mpima anaingia uwanjani, anapima, anapanda mawe ya mipaka yenye namba, na ramani ya upimaji inasajiliwa. Baada ya hapo ndipo mtu anamilikishwa, yaani anapewa haki ya kuitumia ardhi kwa miaka 33, 66 au 99. Ardhi yenyewe, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya 1999, ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Kwa hiyo mwenye hati anamiliki muda na matumizi, na matumizi hayo yana masharti: anatakiwa aendeleze kiwanja ndani ya muda uliowekwa, alipe kodi ya pango la ardhi kila mwaka, na ajenge kile kilichoandikwa. Kiwanja cha makazi hakigeuki kuwa baa au karakana kwa uamuzi wa mwenye nacho peke yake.

Shamba lililokatwa vipande na kuuzwa mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa halijapita hatua hata moja kati ya hizo, hata kama mipaka yake imenyooka na muuzaji amechonga njia kwa greda. Linaweza kuja kurasimishwa baadaye. Lakini urasimishaji huanza na kilichopo, na kilichopo huwa ni nyumba.

Hapa ndipo Manzese inapofundisha, na ni lazima isemwe kwa haki. Kabla ya mradi, wakazi wa mitaa ya aina ile waliishi na hofu ya kubomolewa. Uamuzi wa kuwaacha walipo na kuwapelekea barabara na maji ulikuwa ushindi mkubwa kwao, na mimi naona ni moja ya sera za kiutu kabisa zilizowahi kufanywa katika miji yetu. Isipokuwa kila mita ya barabara ilibidi ipatikane kwa kukata nyumba ya mtu, na nyumba ya mtu ina fidia, ina machozi, na ina mahakama. Hivyo wahandisi walipitisha barabara chache pale palipokuwa na nafasi, na nyuma ya barabara hizo mambo yakabaki yalivyokuwa. Gari la zimamoto bado linakwama. Gari la kunyonya maji machafu halifiki kwenye choo cha nyumba ya tano kutoka barabarani. Huwezi kulaza bomba kubwa la majitaka kwenye njia ambayo watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu.

Mwaka 2021 watafiti wa uchumi wakiongozwa na Guy Michaels wa London School of Economics walichapisha uchunguzi wa maeneo haya katika miji ile saba. Walilinganisha viwanja vipya vya miaka ya 1970, maeneo yaliyoboreshwa, na maeneo ya jirani ambayo mradi haukuyagusa kabisa. Matokeo yake yanasumbua. Maeneo yaliyopangwa kabla ya kukaliwa yana nyumba kubwa zaidi, zenye mapaa bora, zilizojipanga vizuri na zilizounganishwa zaidi na huduma. Yale yaliyoboreshwa baada ya watu kuhamia hayakuonekana kuwa na nyumba bora kuliko yale ambayo mradi haukuyafikia.

Kuna namna mbaya ya kuyasoma matokeo hayo, nayo ni kusema kuboresha makazi ya watu ni kazi bure. Mkazi wa Manzese aliyepata maji na barabara miaka ya 1970 alinufaika wakati ule, watoto wake walikunywa maji yale, na uchunguzi wa mapaa ya miaka arobaini baadaye haupimi hilo. Tena watafiti wenyewe walionyesha kwamba wakazi wa viwanja vipya leo wana elimu na uwezo zaidi, jambo linalomaanisha sehemu ya tofauti inatokana na nani alihamia wapi. Usomaji sahihi ni mwembamba zaidi: mpangilio wa ardhi ukishatulia haubadiliki, na mabomba na lami juu yake hubadilika kila mara. Miaka ya 1980 uchumi ulipobana, huduma za Sinza nazo zilichoka. Mifereji iliziba, lami ikaliwa na mvua, maji yakawa ya mgawo. Lakini bomba likifa, njia ya bomba haifi. Fedha zilipopatikana tena, mafundi walikuta nafasi inawasubiri.

Swali la nani hasa alifaidika halikwepeki. Viwanja vya Sinza na Kijitonyama vilikusudiwa watu wa kipato cha chini. Wengi wao walivipata, lakini wafanyakazi wa serikali na wenye mshahara wa uhakika walivipata pia, kwa sababu mkopo wa nyumba humtaka mtu awe na makato ya kila mwezi, na mchuuzi hana makato. Wengine walipewa kiwanja, wakashindwa kujenga kwa muda uliotakiwa, wakauza. Mtaa ulipopanda thamani, mauzo yakaongezeka. Benki ya Nyumba yenyewe ilifungwa katikati ya miaka ya 1990, na kwa miaka mingi baada ya hapo mwananchi wa kawaida hakuwa na pa kukopa fedha za kujengea. Ndiyo maana nyumba zetu hujengwa kwa awamu: mwaka huu msingi, mwaka kesho boma, na kati yake nondo zinashika kutu.

Baada ya awamu mbili zile, upimaji mkubwa ulilala kwa takriban miongo miwili, na jiji halikulala. Wakati sensa ya 2002 inafanyika, Dar es Salaam ilikuwa na watu milioni 2.5, na kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, kiasi cha asilimia 70 waliishi katika makazi yasiyopangwa. Hapo serikali ikaanzisha mradi wa viwanja 20,000 pembezoni mwa jiji: Bunju, Mbweni na Mivumoni upande wa kaskazini, Buyuni na Mwanagati upande wa Ilala, Kibada, Kisota, Toangoma na Gezaulole upande wa kusini. Idadi ililipita lengo la kwenye jina. Viwanja vilivyopimwa vilizidi 30,000. Mradi ulijiendesha kwa mzunguko: serikali inatoa mkopo, ardhi inatwaliwa na kupimwa, viwanja vinauzwa, fedha inarudi. Kwa nchi iliyozoea kugawa viwanja kwa ada ndogo kisha kukosa hela ya kupima vingine, hayo yalikuwa mageuzi ya kweli.

Mzunguko huo, hata hivyo, ulikuwa na bei yake. Ili fedha irudi, kiwanja kiliuzwa kwa gharama ya kukitengeneza, na viwanja vingi vikawa vikubwa kuliko vile vya Sinza, maana kiwanja kikubwa kina mnunuzi mwenye fedha. Wenye mashamba waliotwaliwa ardhi walilalamika kwamba fidia yao haikutosha kununua kiwanja katika ardhi ileile waliyokuwa wakiilima. Wengine walichukua fidia wakasogea mbele kidogo, wakanunua ardhi isiyopimwa, wakajenga. Yaani mradi wa kuzuia makazi holela, kwa watu hao, uliyasogeza tu mbele.

Halafu kuna jambo la huduma. Sinza ilipata mchoro na mabomba kwa pamoja. Manzese ilipata mabomba ikakosa mchoro. Maeneo ya viwanja 20,000 yalipata mchoro: barabara zilichongwa, mawe yakapandwa, na maji na umeme vikaachwa vije vyenyewe baadaye. Mwenye kiwanja akajikuta na hati safi katikati ya pori. Ajenge, achimbe kisima, anunue nguzo, alale bila jirani? Au asubiri? Wengi walisubiri. Kila aliyesubiri alimfanya na mwenzake asubiri, kwa sababu shirika la maji halilazi bomba la kilomita kadhaa kwa nyumba kumi, na daladala haziendi kusikokuwa na abiria. Wapo pia waliosubiri kwa makusudi, kiwanja kikiwa akiba inayopanda bei, na sharti la kuendeleza ndani ya muda halikuwatisha kwa kuwa aghalabu halikutekelezwa.

Kibada inaonyesha nini hulegeza fundo hilo. Kwa miaka mingi mkazi wake alikuwa na njia mbili za kufika mjini: kupanga foleni ya kivuko Kigamboni, au kuzunguka Kongowe. Daraja la Nyerere lilipofunguliwa Aprili 2016, likiunganisha Kurasini na Kigamboni, umbali ulibaki uleule kwenye ramani ya viwanja lakini ulibadilika kwenye siku ya mtu. Viwanja vilivyokuwa na nyasi vikaanza kupata ukuta, msingi, taa. Daraja halikupima hata kiwanja kimoja, ila lilivipa viwanja vilivyokwishapimwa sababu ya kukaliwa. Na hapo faida ya subira ikaonekana: wakazi walipokuja kwa wingi walikuta barabara za ndani zimeshatengwa.

Zimetengwa, kama hazijavamiwa. Hili ndilo eneo ninalolionea uchungu zaidi, kwa sababu linaharibika kimyakimya na halirudi. Katika kila mchoro kuna maeneo ya wazi: kiwanja cha mpira, bustani, sehemu ya shule ambayo bado haijajengwa, ukanda wa mfereji. Kwa miaka kadhaa ya mwanzo panaonekana kama pori lisilo na mwenyewe. Mmoja anaweka karakana ya kuchomelea, mwingine anasogeza ukuta mita mbili, na siku moja anatokea mtu ana barua inayoonyesha kwamba pale ni kiwanja chake. Barua hiyo inaweza kuwa ya kughushi, au inaweza kuwa imetoka ofisini kabisa, baada ya mchoro kurekebishwa bila wakazi kujua. Miji yetu imepoteza maeneo mengi ya wazi kwa njia hizo zote. Kulinda eneo la wazi hakuhitaji fedha nyingi. Kunahitaji mtu anayejua kwamba lipo na lina mipaka gani. Shule ikishakosa mahali pake, watoto wa mtaa mzima watavuka barabara kuu kila siku, na kulipata eneo jingine la ukubwa ule katikati ya nyumba kutaligharimu taifa fidia ya nyumba hizo.

Mchoro wa mtaa unahifadhiwa katika idara ya ardhi na mipango miji ya halmashauri, na mkazi anaweza kwenda kuulizia. Nashauri ufanyike hivyo kabla ya kununua, na baada ya kununua vilevile. Chukua mchoro, tembea nao. Barabara iliyochorwa mbele ya kiwanja ina upana gani, na ukuta wa jirani umeishia wapi? Eneo lililoandikwa shule lina nini leo? Jiwe la mpaka lenye namba ya kiwanja chako lipo, au limefukiwa wakati wa kusawazisha? Kazi ya asubuhi moja hiyo hufichua mengi kuliko maneno ya dalali.

Sinza sasa imeingia katika awamu ambayo waliouchora mtaa mwaka 1974 hawakuifikiria. Iko chini ya Manispaa ya Ubungo, imezungukwa na chuo kikuu, maduka makubwa ya Mlimani City na kituo cha mabasi cha Mawasiliano, na ardhi yake imekuwa ghali mno kukaliwa na nyumba ya vyumba sita. Banda la uani linabomolewa, nyumba ya mbele inafuata, na kwenye mita 288 zilezile linasimama ghorofa: chini fremu, juu vyumba vya kupangisha au nyumba ya wageni. Tangu 2008 kuna sheria inayoruhusu mtu kumiliki sehemu ya jengo, hivyo kiwanja kilichokuwa na familia moja na wapangaji wake kinaweza kuwa na wamiliki kadhaa.

Kwa jiji lililofikisha watu milioni 5.4 katika sensa ya 2022, kujenga kwenda juu katika mtaa wenye barabara ni bora kuliko kutandaza nyumba hadi Kisarawe. Mimi naliunga mkono bila kusita. Ugumu uko chini ya ardhi. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam hutegemea mashimo ya majitaka, na shimo lililokadiriwa kwa nyumba ya chini halihimili ghorofa lenye vyoo ishirini. Mfereji uliochimbwa wakati uwanja wa nyuma ulikuwa wa mchanga unaonyonya maji sasa unapokea maji ya kiwanja kilichosakafiwa chote. Kibali cha ujenzi kinapaswa kuyaangalia hayo kiwanja kwa kiwanja, na maombi ya kubadili matumizi ya ardhi yanapaswa kutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kupinga au kuweka masharti. Majirani wengi hulisoma tangazo likiwa limeshabandikwa muda mrefu, au hawalisomi kabisa, na jengo huwa limefika ghorofa ya pili. Bomba kubwa la majitaka lingeweza kulazwa Sinza bila kuvunja nyumba nyingi, kwa kuwa njia zake zilitengwa miaka hamsini iliyopita. Sasa lazima zianze kutumika kwa kazi hiyo kabla kuta za maghorofa mapya hazijasogea tena mita mbili.